Pweza Hasubiri Ofisi Ifunguliwe: Niliyojifunza Nikinunua na Kuuza Kilwa

Ukiniuliza biashara ya pweza inataka mtaji kiasi gani, nitakujibu, lakini kwanza niambie utamuuzia nani. Mama lishe wa Kilwa Masoko, dalali wa soko la samaki la Feri, hoteli ya Dar es Salaam na kiwanda kinachopeleka Ulaya wote wanataka pweza, ila kila mmoja ana pweza wake. Mnunuzi wa mwisho ndiye anayeamua karatasi utakazobeba, barafu utakayotumia, kodi itakayokukuta, hata ukubwa wa pweza utakayemkataa ufukweni huku mama aliyemchokoa amekukazia macho. Wengi wetu tunaanzia mwambani tukielekea sokoni. Vijana wanaonipigia kutoka Mafia, Mtwara na Tanga nawaambia waanzie sokoni warudi mwambani.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa hoteli moja Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kupokea mizigo mlango wa nyuma, kupima, kusaini na kurudisha. Samaki ndio waliorudishwa zaidi ya kitu kingine chochote, na aliyerudishiwa mara nyingi alikuwa mtu aliyetoka mbali na asiye na mahali pengine pa kuwapeleka mchana ule. Nilirudi nyumbani nikiwa na akiba kidogo, friza mbili za mtumba, na mjomba mwenye dau linalokwenda kisiwa cha Songosongo. Nilijiona nimejipanga.

Jambo la kwanza ambalo hakuna ofisi itakayokuambia ni kwamba pweza ni mali ya bamvua, zile siku za maji kujaa na kupwa sana. Maji yakipwa sana miamba inatoka nje, akina mama na vijana wanaingia na michokoo yao, na kwa siku chache pweza anakuja mpaka unakosa pa kumweka. Maji mafu yakifika, siku ambazo bahari haipwi sana, ukiacha wazamiaji, biashara inalala. Kwa hiyo fedha unaihitaji yote kwa mkupuo, mara mbili kwa mwezi, kisha inakaa kwenye friza au kwa mnunuzi huku umeme unaendelea kula. Hapo ndipo lilipo jibu la mtaji: uwe na fedha ya kununua bamvua mbili mfululizo bila kulipwa hata senti, maana mnunuzi mkubwa halipi siku anayopokea. Aliye na fedha ya bamvua moja tu atajikuta anamwomba dalali amkopeshe, na dalali akikukopesha bei anaipanga yeye.

Karatasi nazo zina ngazi zake, na ukiruka moja utarudishwa chini. Inaanza namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Kisha jina la biashara unalisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unachukua TIN, namba ya mlipa kodi, ambayo hailipiwi, unakaa na watu wa mamlaka ya mapato, TRA, mnafanya makadirio ya kodi, unapata cheti cha kutodaiwa kodi, ndipo unaomba leseni ya biashara ya halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Nilipoishika ile leseni ya halmashauri nilidhani nimemaliza. Nikaenda ofisi ya uvuvi kuulizia kibali cha gari, afisa akaitazama leseni yangu akacheka kwa upole.

“Dada yangu, hii ni leseni ya duka lako. Pweza ana leseni yake.”

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zinamtaka anayenunua na kuuza mazao ya uvuvi awe na leseni ya shughuli hiyo, mbali na leseni ya biashara ya kawaida. Anayevua ana yake, na anayesafirisha nje ya nchi ana yake nyingine kabisa, tena ya masharti mazito zaidi. Leseni ni ya mwaka, kwa hiyo anza kuihuisha kabla haijaisha. Mtu anayewauzia viwanda vya ndani hahitaji kukimbilia leseni ya kusafirisha nje, ingawa nimewaona watu wakiuza kiwanja kuitafuta kwa sababu wamesikia “Ulaya kuna hela”. Uza kwanza kwa mwenye kiwanda kilichoidhinishwa. Yeye ndiye anayeshughulika na cheti cha afya ya mazao kinachotolewa na wizara, yeye ndiye anayelipa mrabaha wa kila kilo inayotoka nje, na mkaguzi akiingia anaingia kwake.

Gharama ya hatua zote hizi haiko sana kwenye ada. Iko kwenye nauli, kwenye kodi ya chumba ulichopanga kabla hujaruhusiwa kuanza, na kwenye siku zinazopotea. Dawa yake ni nyepesi na nashangaa haisemwi: mambo ya ofisi yafanye wakati wa maji mafu. Nimewaona watu wakiacha pweza ufukweni katikati ya bamvua kwenda kupanga foleni ya karatasi ambayo wangeweza kuishughulikia juma lililotangulia. Kalenda ya maji iwe ukutani karibu na kalenda ya kodi. Awamu za kulipa kodi ya makadirio ni nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukiona mwisho wa Juni umeangukia bamvua, lipa mapema, kwa sababu siku hizo fedha yako yote itakuwa imelala kwenye friza.

Sasa kodi, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipolala macho.

Kwenye makadirio unaulizwa swali moja linaloonekana dogo: unatarajia kuuza kiasi gani kwa mwaka? Wako wanaotaja kidogo wakidhani wamejiokoa, halafu miamala ya simu na benki inasema mengine. Wako wanaojisifu. Mimi nilitaja kiasi kilichokuwa kweli, mauzo yote, bila kujua maana yake. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake yanazidi shilingi milioni 11 kwa mwaka lakini hayafiki milioni 100 anatozwa asilimia 3.5 ya mauzo. Ya mauzo, si ya faida. Kwa muuza nguo anayenunua kwa 10,000 na kuuza kwa 20,000 hilo halimuumizi sana. Pweza hana faida ya namna hiyo. Tuseme umenunua kilo kwa 8,000 ukauza kwa 9,000. Kwenye ile 1,000 toa barafu, umeme, nauli ya mzigo, ushuru wa halmashauri na kilo zilizopungua njiani, labda umebaki na 500. Asilimia 3.5 ya 9,000 ni 315. Umebaki na shilingi 185 kwa kilo, na bado hujajilipa mshahara.

Kuna njia mbili halali za kukabili hilo, na zote zinadai uandike. Ya kwanza, sheria inamruhusu mtu binafsi kuchagua kutoka kwenye mfumo huo wa mauzo na kutozwa kwa faida, mradi awe na hesabu zinazoeleweka. Daftari la manunuzi la kila siku, risiti za umeme, za mafuta, za barafu, mishahara. Akina mama wa mwambani hawatoi risiti, hilo sote tunalijua, kwa hiyo nina fomu ya malipo ambayo kila anayeniuzia anaweka jina na saini au dole gumba. Wengine waliniona mpelelezi mwanzoni.

Njia ya pili ni kuangalia wewe ni nani hasa. Kama kiwanda ndicho kinachokutumia fedha ununue kwa niaba yake, kwa bei yake, kisha kinakupa kamisheni kwa kilo, basi wewe ni wakala, na mapato yako ni kamisheni. Lakini bila mkataba unaosema hivyo, fedha yote inayopita kwenye akaunti yako inaonekana mauzo yako. Piga hesabu: mzigo wa milioni 80 kwa mwaka, asilimia 3.5 yake ni milioni 2.8. Ikiwa kamisheni yako ni shilingi 500 kwa kilo na kilo inauzwa 9,000, mwaka mzima umepata kama milioni 4.4. Mtu aliyetozwa kwa milioni 80 wakati kipato chake ni milioni 4.4 ataamini kuwa biashara hii ina uchawi. Mimi nilifanya kazi miezi mingi kwa maneno ya mdomo, kiwanda kikinitumia fedha kwenye simu yangu ileile ninayopokelea mchango wa harusi. Nilipopata mshauri wa kodi, jambo la kwanza alilonitaka si fedha yake. Alitaka mkataba, na akataka nifungue akaunti ya biashara peke yake.

Halafu kuna kodi ya zuio. Sheria ya Fedha ya 2022 iliingiza zuio la asilimia 2 kwenye malipo ya mazao ya kilimo, mifugo na uvuvi. Kiwanda kinapokulipa kama muuzaji kinakata hiyo asilimia 2 na kuipeleka serikalini. Hakuna ubaya, ila ukiona malipo yamepungua usigombane na mhasibu, mdai cheti cha zuio. Cheti hicho ndicho kinachoonyesha kwamba umeshakatwa. Nilivikusanya mwaka mzima kwenye bahasha moja, na siku ya kukaa kwenye hesabu bahasha ile ilikuwa na thamani kuliko friza yangu ya pili, ambayo kwa kweli ilikuwa bovu tangu siku niliyoinunua. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, nayo usiikwepe ukishafikia kiwango chake. Kiwanda na hoteli haviwezi kuandika gharama bila risiti yake, kwa hiyo asiye nayo anabaki kuuza kwa wachuuzi tu.

Turudi ufukweni. Kanuni zinakataza pweza aliye chini ya gramu 500. Nusu kilo. Ukiisoma kwenye karatasi ni rahisi. Ukisimama na mizani mbele ya bibi aliyeinama mwambani tangu alfajiri, ameleta pweza wanne na wawili hawafiki, si rahisi hata kidogo.

“Mwanangu, huyu keshakufa. Nikimrudisha baharini atafufuka?”

Sikuwa na jibu. Mzee wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi ufukweni, aliyekuwa pale alimjibu kwa niaba yangu kwamba akinunuliwa leo, bamvua ijayo wataletwa wadogo kumi. Bibi aliondoka nao akaenda kuwapika nyumbani, na kwa muda hakuniuzia tena. Nilipoteza wauzaji wengine kadhaa kwa namna hiyo, walikwenda kwa mnunuzi asiye na mizani. Ukweli lazima usemwe: anayefuata kanuni ufukweni ambako jirani yake hafuati anaumia kwanza. Kilichonisaidia ni bei. Nilianza kulipa kwa madaraja, pweza wa kilo moja na nusu kwenda juu ana bei nzuri kuliko wa nusu kilo, kwa sababu kiwanda nacho hunilipa kwa madaraja. Mchokoaji akiona tofauti ile anajifunza kumwacha mdogo shimoni. Na kwenye vijiji vinavyofunga miamba kwa miezi kadhaa, kama walivyofanya Songosongo na Jibondo, siku ya kufungua unaona mwenyewe kwenye mizani. Pweza hukua haraka mno. Usikubali kununua pweza wa mwamba uliofungwa hata akiletwa usiku kwa bei ya kutupa. BMU ndio watakaosimama upande wako siku ukiwa na shida, na kijijini hakuna siri ya pweza.

Mchezo mwingine ni maji. Pweza akilowekwa kwenye maji baridi ya kisima au ya bomba anafyonza na kuongeza uzito. Wengine wanampiga kwanza, kisha wanamloweka. Kiwandani wanajua: ngozi inapauka, mnofu unalegea, na akigandishwa kisha akayeyushwa anatoa maji mengi kupita kiasi. Hawakupigii kelele, wanakata tu kilo. Kwa hiyo nunua kwa macho yako, kandokando ya maji, mara atokapo, aliyetolewa matumbo na kuoshwa kwa maji ya bahari safi. Mzigo uliopita mikono mitatu huwezi kujua ulioga wapi.

Na barafu. Nilipoanza nilikuwa nagandisha maji kwenye vifuko vya nailoni kama tulivyozoea zamani. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na vile vifungashio vilivyoruhusiwa vina masharti yake, kwa hiyo nilihamia kwenye makopo na vyombo vya kugandishia. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa maji yenyewe. Mkaguzi wa kiwanda aliyekuja kutazama kituo changu hakumgusa pweza kwanza, aliuliza barafu imetoka maji gani. Barafu inayeyuka juu ya chakula, kwa hiyo barafu ya maji ya kisima kisichopimwa ni kumwosha pweza kwa kisima kile kutwa nzima. Aliuliza pia wasaidizi wangu wamepimwa afya lini. Wanaoshika chakula hutakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita, na mimi nilikuwa nimejipima mimi tu.

Nilinung'unika. Msimamizi wa mapokezi pale kiwandani, mtu mzima aliyeanza kazi hizi Mwanza kwenye sangara, akanikalisha. Akaniambia habari za Januari 1998, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, na za 1999, ulipozuia tena samaki wa Ziwa Victoria kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama, watu wakarudishwa nyumbani, na wavuvi ambao hawakuwahi kushika sumu wakauza kwa bei ya hasara pamoja na walioshika. “Binti yangu, mkaguzi hakuogopi wewe. Anaogopa mmoja atakayetufungia wote.” Tangu hapo sijabishana na mkaguzi kuhusu ndoo.

Yeye ndiye aliyenieleza pia kwa nini daftari langu lina thamani kwao. Kuanzia Januari 2010 Ulaya inataka bidhaa za baharini ziambatane na cheti kinachoonyesha zimevuliwa kihalali. Cheti hicho kinaandaliwa juu huko, lakini habari zake zinatoka chini: siku gani, mwalo gani, nani alivua, kwa chombo gani. Nisipoandika mimi ufukweni, hakuna atakayeweza kuandika kwa ukweli mbele ya safari. Nikaongeza safu mbili kwenye daftari na kiwanda kikaniongezea bei kidogo. Kidogo sana, lakini kilianza kunipigia simu mimi kabla ya wengine.

Sasa Mei 2024. Mvua zilikuwa zimenyesha Aprili yote, kisha Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu mwanzoni mwa Mei, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga. Mzigo wangu ulikuwa umeshapakiwa kwenye kenta, umeganda vizuri ndani ya madeli, na kibali cha kusafirisha kimetolewa na afisa uvuvi. Dereva alifika kwenye foleni ya magari akasubiri, akanipigia, akasubiri tena. Mwishowe nikamwambia arudi. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Sehemu ya mzigo nikaiuza palepale Masoko kwa bei ya kusikitisha, sehemu nikairudisha kwenye friza.

Njia ilipofunguliwa kwa muda nikatafuta gari jingine, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa limepata kazi nyingine, nikaupeleka mzigo. Kwenye kizuizi kimoja njiani wakaomba kibali.

“Mama, karatasi inasema gari hili hapa, siku ile, kilo hizi. Mzigo wako uko kwenye gari jingine, siku nyingine, na kilo hazifanani. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?”

Dereva alinishauri kwa sauti ya chini tumalize “kienyeji”. Nilimkataza, na sababu yangu haikuwa uadilifu peke yake. Kibali kisichofanana na mzigo kingenifuata mpaka mapokezi ya kiwanda, na kule hakuna kumalizana. Nilimpigia afisa aliyetoa kibali cha kwanza, akaeleza, kikatengenezwa kipya, kikatumwa. Yalipita masaa, jua likiwa kali kama vile mvua haijawahi kunyesha. Usijaribu kamwe kufuta namba ya gari kwa kalamu na kuandika nyingine juu yake, hata kama ukweli uko upande wako.

Kiwandani walitoboa pweza aliyeganda kwa kekee wakaingiza kipimajoto mpaka katikati. Mzigo wa kugandishwa unatakiwa uwe nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Wangu juu ulikuwa mgumu, katikati ulikuwa umeanza kulegea, na ulionekana dhahiri kwamba ulishayeyuka na kuganda tena. Walichukua sehemu ndogo. Iliyobaki nikaipeleka Feri kwa dalali, usiku, nikiwa na hasara ya karibu milioni mbili na macho mekundu.

Ninachomwambia kila mtu kutokana na siku zile ni mambo matatu tu. Mzigo ukirudi, kibali kirudi ofisini siku hiyohiyo, usikikunje ukasema utakitumia kesho. Mkataba na mnunuzi useme hasara ya njiani ni ya nani, na kuanzia wapi. Na mzigo ulioyeyuka uuze papo hapo kama pweza mbichi wa kuliwa leo, hata kwa nusu bei. Ukiugandisha upya unakuwa umelipa umeme ili upate hasara kubwa zaidi.

Wapo watakaoniambia pweza ana masharti mengi, heri samaki. Nilijaribu jodari na nguru kwa hoteli, kwa muda mfupi. Nikaacha kwa sababu ya lililompata mwenzangu mmoja, mchuuzi mwaminifu kuliko mimi. Jodari wake alipikwa kwenye shughuli, na muda si mrefu watu wakaanza kuiva uso, vichwa vikauma, mioyo ikaenda mbio, miili ikawawasha. Walidhani wametiliwa kitu. Ilikuwa histamini. Jodari, nguru, vibua na ndugu zao wakiachwa kwenye joto, bakteria wanaigeuza nyama yao kuwa na kemikali hiyo, na ikishaundika haiondoki kwa kukaanga, kwa kugandisha wala kwa kukausha. Samaki anaweza kunuka vizuri kabisa na akawa nayo. Ulaya wanapima sampuli tisa kwa mzigo: wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, mbili tu zinaweza kuvuka hapo, na hakuna inayoruhusiwa kupita 200. Sisi hatukuwa na kipimo chochote zaidi ya pua. Mwenzangu aliulizwa jodari yule alivuliwa saa ngapi, alikaa kwenye chombo bila barafu muda gani. Hakujua, kwa sababu aliyemuuzia naye hakujua. Wote walipona, ila hoteli haikumpigia tena. Kama utafanya jodari, barafu iende baharini na mvuvi. Uwalipie barafu hiyo wewe mwenyewe, usisubiri nchi kavu.

Binamu yangu wa Tanga anataka kuuza upande wa Kenya kupitia Horohoro. Ameambiwa kwamba kwa kuwa tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, akipata cheti cha asili kilichorahisishwa, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, anapita. Ni kweli nusu. Cheti kile kinamwondolea ushuru wa forodha kwa sababu samaki wametoka kwetu. Hakimwondolei cheti cha afya ya mazao kutoka huku, wala kibali cha kuingiza samaki ambacho mnunuzi wake anapaswa kukiomba upande wa pili kwa mamlaka yao ya uvuvi. Na kwa kuwa anavusha mpaka, ile leseni ya kusafirisha nje niliyosema msiikimbilie, yeye anaihitaji, pamoja na mrabaha. Nimemwambia asinunue hata kilo moja mpaka mnunuzi wa Mombasa amtumie picha ya kibali chake. Amekasirika kidogo, anasema ninamchelewesha. Bamvua inaingia wiki ijayo, na mnunuzi bado hajajibu.